Bomba, Malori na Vituo vya Mafuta: Namna Biashara ya Mafuta na Gesi Inavyoweza Kulinda Ardhi na Maji ya Nyanda za Juu Kusini

Msafiri anayepanda Mlima Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Iringa huyaona malori ya mafuta yakijikokota kwenye kona, mengine yakishuka kwa breki zilizopata moto. Safari ikiendelea kupitia Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole hadi Tunduma, malori hayo hayapungui. Asichokiona msafiri huyo ni kwamba katika ukanda huohuo, chini ya mashamba ya mahindi, mabonde ya vitunguu na misitu ya kupandwa, limelala bomba la chuma ambalo kwa zaidi ya nusu karne limekuwa likisafirisha mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia.

Mikoa ya Iringa na Mbeya haichimbi mafuta wala gesi. Visima vya gesi vya nchi viko Songo Songo mkoani Lindi na Mnazi Bay mkoani Mtwara. Hata hivyo, nishati hiyo hupita, huuzwa na hutumika katika wilaya za mikoa hii kila siku. Kwa hiyo swali la namna kampuni za mafuta na gesi zinavyoweza kufanya kazi bila kuharibu mazingira linamhusu pia mkulima ambaye bomba limepita shambani mwake, mama ambaye kisima chake kiko jirani na kituo cha mafuta, na fundi wa gereji anayemwaga oili chafu mferejini. Makala haya yanaeleza hatari zilizopo, hatua ambazo kampuni zinaweza kuchukua, na wajibu wa mamlaka na wananchi katika kuzisimamia.

Bomba la TAZAMA: historia na hali yake

Bomba la TAZAMA lilizaliwa na mgogoro wa kisiasa. Novemba 1965, serikali ya walowezi wachache ya Rhodesia ilijitangazia uhuru kinyume cha sheria, na Zambia, ambayo ilikuwa ikipata mafuta yake kwa njia ya kusini, ikajikuta imebanwa. Mafuta yakaanza kubebwa kwa malori kupitia Iringa na Mbeya katika barabara ya udongo iliyojaa matope wakati wa masika, na ajali zikawa nyingi. Serikali za Tanzania na Zambia zikaamua kujenga bomba. Kazi ilikamilika mwaka 1968. Bomba lina urefu wa kilomita 1,710, na lina vituo vya kusukuma mafuta njiani, vikiwamo vya Iringa na Mbeya. Zambia inamiliki theluthi mbili ya kampuni inayoliendesha na Tanzania theluthi moja.

Kwa miaka mingi bomba hilo lilipitisha mafuta ghafi kwenda kusafishwa katika kiwanda cha Indeni, Ndola. Mwaka 2023 matumizi yake yalibadilishwa, likaanza kusafirisha dizeli iliyokwisha kusafishwa. Mabadiliko hayo yana faida kwa mazingira, kwa kuwa kila shehena ya dizeli inayopita ndani ya bomba ni shehena ambayo haikupita barabarani. Lori moja la mafuta hubeba takribani lita 35,000 hadi 40,000, nalo huunguza mafuta yake lenyewe kwenda na kurudi, huharibu barabara na huongeza hatari ya ajali katika miteremko.

Hata hivyo, mabadiliko hayo yameongeza pia uzito wa wajibu wa usalama. Dizeli ni nyepesi kuliko mafuta ghafi, hivyo ikivuja hupenya udongoni kwa haraka zaidi. Vilevile, mafuta ghafi hayana matumizi kwa mwizi wa kawaida, lakini dizeli huingia moja kwa moja kwenye tangi la gari au trekta. Bomba lenye dizeli huvutia zaidi watu wa kulitoboa.

Funzo kutoka kwa majirani

Hatari ya bomba lililochakaa imekwisha kuonekana karibu. Nchini Kenya, bomba la kwanza la kutoka Mombasa hadi Nairobi lilijengwa mwaka 1978, miaka kumi baada ya TAZAMA. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka katika bomba hilo na kuingia katika bonde la Mto Thange, kaunti ya Makueni. Wakazi waliotegemea mto na visima kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia bustani walikuta maji yananuka mafuta. Madhara yake yaliendelea kwa miaka kadhaa na shauri lilifika mahakamani. Bomba lile kongwe baadaye lilibadilishwa kwa jipya.

Kabla ya hapo, tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye miundombinu ya bomba iliingia katika mfereji wa maji unaopita mtaa wa Sinai jijini Nairobi. Watu walikusanyika kuchota, moto ukalipuka, na takribani watu 100 wakapoteza maisha. Mtaa huo ulikuwa umejengwa katika eneo la hifadhi ya bomba. Tanzania nayo ina kumbukumbu yake ya huzuni: tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 walifariki dunia baada ya mafuta waliyokuwa wakichota kushika moto.

Matukio haya yanaonyesha kwamba mafuta yanayovuja hayamalizi madhara yake siku ileile. Moto huua kwa dakika chache, lakini sumu iliyoingia ardhini hukaa kwa miaka.

Kwa nini Nyanda za Juu Kusini ni eneo la kuangaliwa zaidi

Iringa na Mbeya ni chanzo cha maji ya sehemu kubwa ya nchi. Mto Ruaha Mdogo hupita kando ya mji wa Iringa na kuuhudumia kwa maji. Mito inayoteremka kutoka milima ya Mbeya na Kipengere hulisha bonde la Usangu, ambako kuna mashamba ya mpunga ya Mbarali na ardhioevu ya Ihefu, kisha huunda Mto Ruaha Mkuu. Mto huo hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, na hatimaye huchangia maji ya Mto Rufiji. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kwa baadhi ya miezi ya kiangazi. Mto uliokwisha kupungua maji hauna uwezo wa kuyeyusha na kuondoa uchafu kama mto uliojaa.

Dizeli au petroli inayovuja chini ya ardhi hushuka taratibu hadi inapokutana na maji ya ardhini. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake na kusambaa kufuata mwelekeo wa maji hayo. Sehemu ya kemikali zake huyeyuka ndani ya maji. Miongoni mwake ni benzini, ambayo husababisha saratani. Kisima kinaweza kuchafuliwa na tangi lililo mbali nacho bila dalili yoyote kuonekana juu ya ardhi. Kusafisha maji ya ardhini yaliyochafuliwa ni kazi ya miaka mingi na gharama kubwa. Kwa sababu hiyo, hatua za maana zaidi ni zile zinazochukuliwa kabla mafuta hayajavuja.

Kampuni zinaweza kufanya nini

Hatua ya kwanza ni kutunza mabomba. Adui mkubwa wa bomba la chuma ni kutu. Bomba hufunikwa kwa gamba la kuzuia unyevu, na hupewa mkondo mdogo wa umeme unaodhibiti kutu pale gamba linapochubuka. Aidha, vyombo maalumu vya ukaguzi husukumwa ndani ya bomba pamoja na mafuta, vikipima unene wa chuma na kuonyesha sehemu zilizoliwa, ili zibadilishwe kabla hazijatoboka. Uvujaji hugunduliwa pia kwa kulinganisha kiasi kilichoingizwa mwanzoni na kilichopokewa mwisho, na kwa kufuatilia mgandamizo katika kila kituo. Mabomba mapya, kama lile la mafuta ghafi la kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, yamewekewa mkonga wa mawasiliano unaoweza kutambua uvujaji au mtu anayechimba karibu. Bomba kongwe linaweza kuongezewa baadhi ya teknolojia hizo, mradi mmiliki wake ametenga fedha.

Vali za kufunga mafuta zina umuhimu wa pekee katika eneo la milima. Bomba likipasuka bondeni, mafuta yote yaliyo kwenye mteremko wa juu yatatiririka hadi kwenye tundu hilo isipokuwa kuna vali ya kuyazuia. Kuweka vali kila upande wa mto mkubwa, na kuhakikisha zinaweza kufungwa kwa haraka, ni ulinzi wa moja kwa moja wa maji.

Hatua ya pili ni usafirishaji wa barabarani. Kampuni makini hupanga safari ili dereva asiendeshe akiwa amechoka, hufunga vifaa vya kufuatilia mwendo, hukagua breki kabla ya miteremko kama ya Kitonga, na huweka tangi lililogawanywa vyumba ili ajali isimwage shehena yote. Reli ya TAZARA, inayopita Makambako, Mbeya na Tunduma, ni njia nyingine. Behewa za mafuta zikitumika ipasavyo, treni moja huondoa barabarani malori mengi na hutumia mafuta kidogo kwa kila tani inayobebwa.

Hatua ya tatu ni vituo vya mafuta. Matangi ya zamani ya chuma chenye ukuta mmoja huoza yakiwa ardhini. Matangi ya kisasa yana kuta mbili, na kati yake kuna nafasi yenye kifaa kinachotoa ishara ukuta mmoja ukitoboka. Sakafu ya kituo inapaswa kuwa ya zege isiyopitisha mafuta, yenye mifereji inayopeleka maji ya kuoshea na ya mvua katika mashimo ya kutenganisha mafuta na maji kabla hayajatoka nje. Kipimo rahisi kuliko vyote ni hesabu ya kila siku: mafuta yaliyopokelewa, yaliyouzwa na yaliyobaki tangini. Upungufu unaojirudia bila maelezo huenda ni wizi, lakini huenda pia ni uvujaji, na meneja wa kituo hapaswi kuufumbia macho.

Hatua ya nne ni oili chafu. Kila gari linalobadilishiwa oili huacha lita kadhaa za uchafu wenye mabaki ya metali na kemikali za sumu. Katika gereji nyingi za mijini na vituo vya malori, oili hiyo humwagwa chini, huingizwa mferejini au hupakwa kwenye mbao za kujengea. Kampuni zinazouza vilainishi zina uwezo wa kubadilisha hali hii, kwa kuwa ndizo zenye mtandao wa mawakala. Gari linaloleta mapipa mapya linaweza kurudi na mapipa ya oili chafu, ambayo hupelekwa kwa wenye vibali vya kuisafisha upya au kuiteketeza katika tanuri za joto kali. Fundi akilipwa japo kidogo kwa kila dumu analorudisha, hatakuwa na sababu ya kumwaga.

Moshi, gesi na mabadiliko ya tabianchi

Mbali na mafuta yanayomwagika, zipo gesi zinazopanda angani. Kwenye visima vya nchi nyingi zinazozalisha mafuta, gesi inayotoka pamoja na mafuta huchomwa kwa kukosa mahali pa kuipeleka. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, zaidi ya mita za ujazo bilioni 140 za gesi zilichomwa kwa njia hiyo duniani mwaka 2023. Gesi nyingine huvuja bila kuungua. Gesi hiyo ni methani, ambayo katika kipindi cha miaka 20 huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 ya kiasi hichohicho cha hewa ukaa. Katika mkutano wa tabianchi uliofanyika Dubai mwaka 2023, kampuni kadhaa kubwa za mafuta na gesi ziliahidi kukomesha uchomaji wa kawaida wa gesi na kupunguza methani karibu hadi sifuri ifikapo mwaka 2030. Kuziba uvujaji ni miongoni mwa hatua za gharama nafuu zaidi, kwa kuwa gesi inayookolewa inaweza kuuzwa.

Ubora wa mafuta nao umeboreshwa. Tangu Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zinatumia kiwango cha dizeli chenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ambacho ni cha chini kuliko cha awali kwa kiasi kikubwa. Salfa ikipungua, moshi wenye madhara kwa mapafu hupungua pia.

Ni muhimu kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya gesijoto zinazotokana na mafuta hutolewa pale mtumiaji anapoyaunguza, wala si pale yanapochimbwa au kusafirishwa. Kampuni inayotunza mabomba yake vizuri lakini haina mpango wowote wa nishati nyingine imefanya nusu ya kazi. Mitambo ya jua katika vituo vya kusukuma na kuuza mafuta, gesi asilia kwa malori, na huduma ya kuchaji vyombo vya moto vya umeme ni mwanzo wa kufanya nusu iliyobaki. Tanzania imejiwekea lengo la kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, na sekta ya nishati ina sehemu yake katika lengo hilo.

Gesi ya kupikia: faida na masharti

Katika jikoni za Nyanda za Juu Kusini, ambako baridi ya Juni na Julai huongeza matumizi ya kuni na mkaa, gesi ya mitungi ina nafasi ya pekee. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kabla ya hapo, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilielekezwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024.

Gesi ya mitungi hutokana na mafuta na gesi asilia, hivyo haikosi madhara kwa tabianchi. Lakini inapochukua nafasi ya mkaa huokoa misitu inayotunza vyanzo vya maji, na humwondolea mpishi moshi unaodhuru macho na mapafu. Ili faida hiyo ifike vijijini, kampuni za gesi zinapaswa kusogeza maghala karibu na wananchi, kuuza mitungi midogo ambayo kaya ya kipato cha chini inaweza kuijaza, kumpimia mnunuzi uzito wa mtungi kwenye mizani mbele yake, na kuondoa sokoni mitungi iliyochakaa.

Nani anasimamia

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi wa mafuta afanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kujenga, na usimamizi wake uko chini ya NEMC. Sheria hiyo inasimamia kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. EWURA hutoa leseni na kukagua vituo na maghala kwa mujibu wa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua kinga dhidi ya moto. Halmashauri husimamia matumizi ya ardhi, hutoa vibali vya ujenzi, na kupitia maafisa mazingira wake hufuatilia utekelezaji wa kila siku.

Tathmini ya mazingira huhitaji maoni ya wananchi. Mkutano wa kijiji au mtaa unaoitishwa kujadili kituo kipya cha mafuta ni mahali pa kuuliza maswali ya msingi: visima vya jirani viko umbali gani, matangi ni ya kuta ngapi, maji ya kuoshea yataelekezwa wapi, na nani atalipa endapo maji yatachafuka. Maswali hayo yakijibiwa mapema na majibu yakaandikwa katika muhtasari wa mkutano, kijiji kinakuwa na ushahidi wa kusimamia haki yake baadaye.

Wajibu wa mwananchi

Wananchi wanaoishi au kulima kandokando ya bomba wanakumbushwa kutojenga, kutochimba visima au mitaro, na kutochoma moto ndani ya mkuza wa bomba. Kuona mazao au majani yakikauka ghafla katika sehemu moja juu ya mkuza, udongo wenye harufu ya mafuta, au utando unaong'aa kwa rangi nyingi juu ya maji ya kijito ni sababu ya kutoa taarifa mara moja kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata au afisa mazingira. Lori la mafuta likipinduka, jambo la kwanza ni kukaa mbali upande upepo unakotokea, kuzima moto wote na simu, na kupiga namba ya dharura 114 kutoka umbali salama. Hakuna dumu la petroli lenye thamani ya uhai.

Wanaouza petroli kwa chupa na madumu majumbani wanahatarisha familia zao na majirani. Kwa maeneo yasiyo na huduma, EWURA imeweka utaratibu wa vituo vidogo vya vijijini vyenye masharti nafuu, na maelezo yake yanaweza kupatikana kwa kuanzia ofisi za halmashauri.

Mafuta na gesi vitaendelea kupita katika Nyanda za Juu Kusini kwa miaka kadhaa ijayo. Bomba lililojengwa ili kuikomboa nchi jirani limefanya kazi iliyokusudiwa, na barabara ya Tunduma bado inabeba biashara ya nchi kadhaa. Kinachotakiwa ni kwamba faida ya safari hiyo isilipiwe na kisima cha Mbarali wala na mto wa Iringa. Kampuni zina ujuzi na vifaa vya kuzuia hilo, mamlaka zina sheria, na wananchi wana macho yaliyo karibu na bomba kuliko chombo chochote cha ukaguzi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa maji ya ardhini yaliyoingiwa na mafuta, ukuta huo hujengwa kwa gharama ambayo kijiji hakiwezi kuimudu.